Mkanda wa Mzee Wanyama

Kimumu, Eldoret
Jumatatu, 10 Februari 2025

Kwa Mama Eddah,

Usishtuke kuona bahasha. Ciru ameniambia masikio yako yamezidi kuwa mazito, kwamba simu ikilia unaitazama tu, na ujumbe ukiingia yeye binti yako ndiye anayeusoma kwanza. Jambo hili sitaki Ciru alisome kwanza. Barua hii nimempa dereva wa gari la Nyahururu, atakuachia kwa yule mama wa duka la steji.

Sisi ni wazima. Tangu ulipostaafu ni miaka miwili sasa, Matroni Diana amekalia kiti chako na mimi bado niko meza ya mapokezi, karani wako yuleyule. Ila sijui nitakuwa hapo mpaka lini.

Tarehe 27 Januari walikuja wazee wawili wa kulazwa wodi ya wanaume. Mmoja ni Mzee Wanyama wa Langas, alikuja kupasuliwa ngiri. Wa pili ni Mzee Kipyego wa Kapseret, ana ugonjwa wa sukari na kidonda cha mguu. Nilifungua faili zao, nikachapisha mikanda yao ya mkononi, nikaita Mzee Kipyego. Mzee mmoja akasema ndiyo, akanyoosha mkono, nikamvisha. Kumbe aliyejibu alikuwa Mzee Wanyama. Mwenye jina alikuwa amepelekwa eksrei, na kutoka huko akapelekwa wodini moja kwa moja bila mkanda. Jioni muuguzi Kipchumba akausoma ule mkanda, akamdunga Mzee Wanyama insulini ya mwenzake.

Mzee alitetemeka, akaloa jasho, akaacha kumtambua hata mkewe. Huyo mkewe ndiye aliyeita watu. Wakamtilia dripu ya sukari, na baada ya siku mbili akarudi sawa. Mungu ashukuriwe, maana angekufa mikononi mwetu.

Kamati ya nidhamu ya hospitali inakaa tarehe 6 Machi. Bwana Nderitu, mkuu wetu wa rekodi, ameniandikia kwamba nilifanya kazi isiyokuwa yangu. Mimi nilifuata utaratibu, Mama. Naomba tu uniandikie maneno mawili niwaonyeshe, kwamba unanijua na unajua tulivyokuwa tukifanya kazi. Wewe ndiye uliyeandika ile karatasi ya ukutani. Neno lako hapa bado lina uzito.

Wabuge na watoto wanakusalimu.

Mwanao,
Nasike


Nyahururu
15 Februari 2025

Nasike,

Bahasha yako imefika ikinuka omena. Sijui dereva aliilaza na nini. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekutafuta ndani yake nisikuone. Wazee wapo, muuguzi yupo, dripu ipo. Wewe umejificha nyuma ya neno utaratibu.

Unasema uliita Mzee Kipyego na mzee akasema ndiyo. Nilikufundisha kuita, mimi? Karatasi ile niliiandika kwa mkono kabla kompyuta hazijaletwa: mgonjwa usimtajie jina lake, mwache alitaje mwenyewe, kisha akuambie mwaka wake wa kuzaliwa, kisha ulinganishe na kitambulisho. Mtu mzima aliyechoka ukimwuliza kama yeye ni fulani, atakubali hata ukimwita askofu. Nilikuimbia wimbo huo mpaka ukawa unaniigiza nyuma ya mgongo wangu. Usidhani sikujua.

Mficha uchi hazai. Umeniambia yaliyotokea. Sasa niambie ulichofanya.

Na la pili. Karani anafungua faili, anachapisha mkanda, anautia ndani ya faili, basi. Muuguzi ndiye anayemuuliza mgonjwa, anamvisha na kutia sahihi. Karatasi inasema hivyo na haijabadilika. Kwa nini wewe ulikuwa unavisha?

Hayo maneno mawili nitayaandika nikishaelewa. Mwenyewe nina habari ya furaha: Matroni Diana ameniandikia kwamba Aprili wanafungua chumba kipya cha mafunzo na wanataka kukipa jina langu. Nimepeleka kitambaa kwa fundi. Nimekwambia wewe kabla ya kanisa.

Mama Eddah


Kimumu
20 Februari 2025

Mama,

Umenikamata, na nilijua utanikamata.

Sikumwuliza mwaka wa kuzaliwa. Mbele yangu kulikuwa na watu thelathini na kitu, printa ilikwama asubuhi nzima, na mama mmoja mjamzito alikuwa amekaa sakafuni kwa kukosa nafasi. Niliita jina kama mwalimu anayeita rejista, mkono ukanyooshwa, nikauvisha. Kitambulisho cha Mzee Wanyama kilikuwa ndani ya faili, chini ya kiwiko changu, na picha yake juu. Sikukitazama. Kosa hilo ni langu na nitalisema mbele ya kamati bila kulipunguza. Kila nikilala namwona yule mke wake ameshika viatu vya mzee.

Lakini swali lako la pili limeniumiza. Kwa nini nilikuwa navisha? Kweli unaniuliza mimi?

Ulikuwa mwaka wa 2017, wakati wa mgomo wa wauguzi. Wodi tatu zilikuwa zimefungwa, umebaki wewe na wanafunzi wawili. Uliniita kwenye stoo ya mashuka ukanipa kisanduku cha mikanda, ukasema, "Nasike, kuanzia leo hii ni kazi yako. Wewe uko na macho." Nilikuwa na mwaka mmoja tu mezani. Kabla ya hapo nilikuwa napiga deki korido hizohizo, na ni wewe uliyenitoa kwenye deki ukanipeleka kusomea rekodi. Siku ile nilifurahi hata chakula kikanishinda. Mgomo ukaisha, wauguzi wakarudi, na hakuna aliyeniambia nirudishe kisanduku. Nimevisha miaka saba na zaidi. Wauguzi wanajua. Bwana Nderitu anajua, hupita hapo akanikuta nimeshika mkono wa mgonjwa na kunisalimia. Sasa kila mtu anaisoma karatasi ya ukutani kana kwamba imebandikwa jana.

Sihitaji kusifiwa tena. Nahitaji sentensi moja yenye sahihi yako: mimi ndiye niliyemwagiza. Bila hiyo, mimi ni karani aliyejitwalia kazi ya muuguzi akakaribia kuua mtu. Watanifukuza, na maneno hayo yakiingia kwenye faili yangu, hakuna hospitali Eldoret hii itakayonichukua hata kupiga deki.

Hongera kwa chumba. Nimefurahi kwa ajili yako, nasema kweli.

Mwanao,
Nasike


Nyahururu
1 Machi 2025

Nasike,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya presha.

Nimejaribu kuyakumbuka hayo ya stoo na siyakumbuki. Mwaka ule ulikuwa na mambo mengi, na mengi yalisemwa na watu wengi. Huenda nilikwambia usaidie siku moja mbili. Siwezi kutia sahihi jambo nisilolikumbuka, na najua wewe mwenyewe hungetaka nifanye hivyo.

Sema ukweli wako, omba msamaha, uvae lile sweta la bluu. Kamati hupenda mtu mnyenyekevu. Nakuombea.

Eddah Wacera


Kimumu
12 Machi 2025

Kwa Bi. Eddah Wacera,

Nimeona ni haki nikujulishe yaliyotokea, kisha sitakusumbua tena.

Nilivaa sweta la bluu. Nilisema sikumwuliza mgonjwa jina wala mwaka, na kwamba sikutazama kitambulisho. Wakaandika. Kisha Bwana Nderitu akaweka ile karatasi ya ukutani mezani, akaniuliza, "Sasa Mildred, nani alikwambia karani ndiye anavisha mgonjwa mkanda?" Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu, juu ya magoti. Nikasema, nilikuta kazi inafanywa hivyo. Akasema, "Ulikuta ikifanywa na nani? Kabla yako hakuna karani alikuwa anavisha." Nikafunga zipu ya mkoba. Matroni Diana akanitazama, akaandika kitu.

Sikukutaja. Usidhani ni upendo. Ningekutaja wangekuuliza, ungesema hukumbuki, na juu ya uzembe ningekuwa mwongo. Nimekukasirikia sana, na nimeona heri niseme kuliko kukuandikia salamu za uongo. Mtenda husahau, wanasema, lakini sikudhani wewe utakuwa mmoja wao.

Nimesimamishwa kazi mpaka tarehe 31, ndipo watasema kama wananifukuza.

Jumamosi nilikwenda Langas kumwomba msamaha Mzee Wanyama. Nilibeba mkate na majani ya chai. Sukari niliona haya kubeba. Nilimkuta nje anapigilia mguu wa kiti. Nikajieleza, nikamwambia labda sikuita jina kwa sauti ya kutosha. Akaweka nyundo chini.

"Wewe, mimi nilisikia. Uliita Kipyego."

"Mbona ukasema ndiyo, Mzee?"

"Tangu saa kumi na mbili asubuhi niko kwa hiyo benchi. Mara naona mtu wa ofisi ameniangalia na ameshika kitu. Nikajua huyu amekosea jina tu, lakini mtu ni mimi. Sasa nikwambie hapana? Si utaniambia nirudi nyuma ya laini? Hospitali hawapendi mtu wa hapana."

Nikamwuliza kama ana hasira na mimi. Akasema anayo, lakini nyingi ni ya hilo benchi. Mkewe alinipa kiti.

Miaka yote nilidhani wanaojibu ndiyo ni wale wasiosikia. Nakuandikia hili kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kuuliza, na hata wewe hukuwahi kuniambia hilo.

Mildred Nasike Wabuge
Karani wa rekodi, aliyesimamishwa kazi


Nyahururu
22 Machi 2025

Nasike mwanangu, ikiwa bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Alhamisi Ciru alinipeleka kliniki ya presha hapa mjini, akaniacha kwenye benchi akakimbilia shuleni kufundisha. Baada ya muda akatoka msichana mwenye kadi mkononi, akanitazama, midomo yake ikasogea. Sikusikia kitu. Benchi lote likanigeukia. Niliona haya kumwambia arudie, mimi niliyekuwa matroni miaka kumi na tisa, mbele ya watu wanaosubiri. Nikasema ndiyo. Akanipa mfuko wa dawa, nikashukuru, nikaenda zangu.

Nyumbani Ciru akasoma pakiti. Dawa ya tezi la shingo, ya mwanamke mwingine, wa mwaka mwingine wa kuzaliwa. Nilikuwa nimeshamimina maji kwenye kikombe. Ciru alinigombeza kama mtoto, na haki yake. Alipoondoka nilikaa jikoni nikalia, kisha nikatoa barua yako ya tarehe kumi na mbili nikaisoma upya.

Nakumbuka stoo. Nakumbuka mashuka ya kijani, na jinsi ulivyokipokea kisanduku kwa mikono miwili. Nilikumbuka hata siku ile nilipokuandikia kwamba sikumbuki. Presha haikuhusika. Niliogopa, Nasike. Niliona jina langu juu ya mlango wa kile chumba, na watu chini yake wakinong'ona kwamba aliyeandika sheria ndiye aliyekuwa wa kwanza kuivunja. Nilikwambia mficha uchi hazai, huku mimi nimejifunika gubigubi. Nisamehe.

Madaftari yangu ya kupokezana zamu yako kwenye sanduku chini ya kitanda. Tarehe 14 Juni 2017 kuna mwandiko wangu: Mikanda, M. Nasike, mpaka mgomo uishe. Nimeyapekua madaftari yaliyofuata hadi siku niliyostaafu, na hakuna mahali nilipoandika kwamba umerudisha kisanduku. Kukuacha nacho kulinifaa. Wauguzi walikuwa wachache hata baada ya mgomo, na wewe hukuwahi kukosea, kwa hiyo kila asubuhi nilipita mezani kwako nikajifanya sioni. Nderitu alijifunza kutokuona kutoka kwangu.

Jumatatu Ciru atakuja Eldoret mwenyewe. Atamkabidhi Matroni Diana daftari hilo mkononi, pamoja na barua yangu kwa kamati. Nakala yake nimeitia ndani ya bahasha hii. Nimeandika kwamba kosa la kutouliza ni lako, sikulipunguza, ungeniona mwongo. Lakini kazi ya kuvisha nilikupa mimi, kwa mdomo, na sikukuondolea. Nimewaambia pia wakitafutie chumba jina lingine.

Mzee Wanyama ana haki. Miaka kumi na tisa niliwafundisha ninyi namna ya kuuliza, na sikukaa kwenye lile benchi hata asubuhi moja.

Aliyekuagiza,
Eddah Wacera


Kimumu
4 Aprili 2025

Mama Eddah,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilitaka kwanza nikujibu vibaya, Wabuge akanificha kalamu.

Sikufukuzwa. Nimepewa onyo la maandishi kwa kutouliza na kutotazama kitambulisho, na limeingia kwenye faili yangu. Kipchumba naye amepewa lake, kwa sababu alisoma mkanda bila kumwuliza aliyeuvaa. Bwana Nderitu ameambiwa aandike upya orodha ya kazi: nani anafungua faili, nani anachapisha, nani anavisha, nani anahakiki kabla ya sindano. Kila kazi ina jina pembeni na sahihi, na aliyepewa kazi ya muda anaandikiwa siku yake ya mwisho. Aliniletea nisome kabla hajaipeleka, hakuniangalia usoni.

Jumatano niliitwa kumkabidhi Matroni Diana kisanduku cha mikanda, nikatia sahihi, naye akatia. Niliona uchungu kukiacha. Nilikuwa nakipenda, na nadhani ulijua, ndiyo maana hukukidai.

Chumba kimefunguliwa. Mlangoni kumeandikwa Chumba cha Mafunzo, basi. Ile nguo yako itafutie arusi. Daftari lako liko humo kabatini, na siku ya kwanza Matroni Diana aliwasomea wauguzi wapya ule mstari wako, kisha akawauliza mgomo uliisha lini. Wakataja mwezi na mwaka. Akawauliza kwa nini basi mikanda haikurudi kwa wauguzi.

Mzee Wanyama anakuja tarehe 9 kupasuliwa ngiri yake. Amenitumia salamu kwamba safari hii atakataa majina yote isipokuwa lake.

Nimeambiwa na Ciru kwamba wamekupa miadi ya kliniki ya masikio hapa kwetu, Jumatano tarehe 16. Nitakuwa nimesharudi mezani. Hasira yangu haijaisha yote, nakwambia mapema usije ukaisoma usoni mwangu ukashtuka. Lakini njoo. Sitakuita kutoka mbali. Nitazunguka meza nisimame mbele yako, mahali utakapoona midomo yangu, nikuulize jina lako na mwaka wako wa kuzaliwa kama mtu nisiyemjua kabisa. Usiposikia, sema hapana, nitakuuliza tena. Nitakuuliza hata mara kumi. Benchi lote litasubiri.

Mwanao,
Nasike